Redio ya zamani, transista za nani?



Mwezi huu tunaingia ndani ya redio. Hatusemi ile ndogo ya betri mbili ambayo mama anaiweka juu ya dirisha wakati wa kupika. Tunasema ile kubwa ya stereo, yenye amplifaya ndani yake, yenye uso wa chuma unaong'aa na kibonye kikubwa cha kutafuta steshoni. Majina yake mnayajua: Pioneer, Sansui, Kenwood, Marantz, Technics, Sony. Nyingi zilitoka viwanda vya Japani katika miaka ya 1970 na 1980, na hadi leo zinapita mkono kwa mkono. Kijana anainunua mjini Mbarara ili afungue sehemu ya kupiga muziki. Kwaya inaichangia ili kanisa lisikike. Baba anaileta nyumbani kwa sababu aliwahi kuwa na kama hiyo kabla ya vita.

Muuzaji naye anasema neno moja tu: "Hii ni orijino, haijafunguliwa." Je, ni kweli? Pesa inayolipwa pale ni pesa ya familia nzima. Ni mahindi yaliyouzwa, ni mshahara wa kibarua, ni mchango wa waumini. Redio ikifa baada ya wiki mbili, hakuna wa kuirudisha pesa hiyo. Na mara nyingi kinachokufa ni kitu kidogo kinachoitwa transista.

Tunataka kila familia ijue jambo moja: redio ya stereo ina shahidi ndani yake. Ina upande wa kushoto na upande wa kulia, na pande hizo ni mapacha. Ukijua kulinganisha pacha mmoja na mwenzake, utajua kama transista zake ni za kiwandani au kuna mtu alipita hapo na chuma cha kuchomelea. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji macho mazuri, mwanga wa kutosha na uvumilivu.

Transista ni nini hasa?

Transista ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani. Waliohusika ni John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, na mwaka 1956 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kabla ya hapo redio zilitumia taa za kioo zilizokula umeme mwingi na kutoa joto kama jiko. Transista ikaifanya redio iwe ndogo, iishi kwa betri, na ifike hata kijiji kisicho na nguzo ya umeme. Ndiyo maana wazee wengi huiita redio yenyewe "transista". Kwetu Afrika Mashariki, kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam kilichotoa redio za National na betri zake. Matsushita hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na jina la Technics kwa redio kubwa za stereo, na mwaka 2008 ilibadili jina ikawa Panasonic.

Kazi ya transista ni kukuza. Inapokea umeme mdogo wenye sauti ndani yake, inautumia kuongoza umeme mkubwa, na umeme huo mkubwa ndio unaosukuma spika, au bafle kama wengi wetu tunavyosema. Ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Fikiria bomba la maji. Besi ni mkono unaoshika koki, kolekta ni maji yanapoingia, emita ni yanapotokea. Mkono mdogo, maji mengi.

Ndani ya redio kubwa utakuta transista nyingi ndogo kama punje ya maharagwe, na chache kubwa zilizobanwa kwenye bati nene lenye mapezi ya kupoza joto. Hizo kubwa ndizo za mwisho, zinazopeleka nguvu kwenye spika. Kwa kawaida ni mbili kila upande, kwa hiyo nne jumla. Redio zenye nguvu sana huwa na zaidi. Zile mbili hufanya kazi kama watu wawili wanaopasua mbao kwa msumeno mrefu: mmoja anavuta, mwenzake anarudisha. Mmoja akiwa mnyonge, mbao inakwenda upande. Kwenye redio, sauti inakwaruza, joto linapanda, na mwisho moshi unatoka.

Tahadhari: redinge tundu, siyo kidole

Tunaomba mtusikilize vizuri hapa. Umeme wa Uganda ni volti 240, na unaua. Kabla ya kufungua kifuniko, chomoa waya ukutani kabisa. Kuzima kibonye peke yake hakutoshi. Halafu subiri. Ndani kuna kapasita kubwa, zinafanana na kopo dogo, ambazo huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa. Mwenye mita apime kwanza miguu ya kapasita hizo; kama bado kuna volti nyingi, aendelee kusubiri. Asiye na mita aangalie kwa macho tu, mikono nyuma. Watoto wakae mbali hadi mtu mzima aseme sasa ni salama.

Kitu kingine ni kusoma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Redio iliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani hutumia volti 100, na ya Marekani hutumia 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240, huna redio tena. Zile zilizotengenezwa kuuzwa nchi nyingi huwa na kiswichi cha kuchagua volti, nyuma au chini. Hakikisha kimewekwa kwenye 240, au 220 kama 240 haipo.

Hatua ya kwanza: angalia kabla ya kusoma

Anza na skrubu za kifuniko. Kama vichwa vyake vimekwaruzwa na bisibisi, au moja ni nyeusi na nyingine ni nyeupe, basi ile hadithi ya "haijafunguliwa" imekwisha. Hiyo haimaanishi redio ni mbaya. Maana yake muuzaji hajasema yote.

Kifuniko kikishatoka, angalia vumbi. Redio ya miaka 40 ina vumbi lake, limelala sawasawa kama vumbi la barabarani wakati wa kiangazi. Ukiona sehemu moja safi na sehemu nyingine chafu, jiulize ni nani alipangusa pale na kwa nini.

Halafu angalia bati la kupoza joto. Chini ya transista kubwa kiwanda hupaka mafuta meupe ya kupitisha joto. Ya zamani huwa yamekauka kama chokaa. Ukikuta upande mmoja yamekauka na upande mwingine bado ni laini na yanang'aa, upande huo umebadilishwa. Pia kati ya transista na bati kwa kawaida kuna karatasi nyembamba ya maika inayozuia umeme usipite kwenye bati. Kama upande mmoja inayo na mwenzake haina, usiwashe redio hiyo.

Mwisho, geuza bodi kama inawezekana, uone risasi iliyoshika miguu. Ya kiwandani imelala sawa, matone yote yanafanana, na miguu imekatwa kwa urefu mmoja. Ya fundi wa mkononi huwa na tone kubwa zaidi, au utando wa kahawia kando yake, au mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Mafundi wazuri husafisha kazi yao, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa alama hii peke yake. Iweke akilini, uendelee.

Hatua ya pili: linganisha mapacha

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Chukua karatasi, chora mstari katikati. Upande mmoja andika KUSHOTO, mwingine KULIA. Soma namba ya kila transista kubwa na uiandike kama ilivyo, pamoja na herufi na namba ndogo za chini. Mwenye simu ya kamera apige picha pia. Kama macho yako yamechoka, muite kijana wa shule akusomee. Hii ni kazi nzuri ya mzazi na mtoto, ilimradi waya umechomolewa na umeme umekwisha ndani.

Tuseme kushoto umekuta B688 na D718. Kulia lazima ukute B688 na D718. Kiwanda hakina sababu ya kuweka kitu tofauti pande mbili za redio moja. Ukikuta kushoto B688 na D718, na kulia TIP42 na TIP41, basi upande wa kulia uliungua siku moja na fundi akaweka alichokuwa nacho. Hapo hakuna ubishi, redio yenyewe imesema.

Na kama pande zote mbili zina namba moja? Linganisha tena kwa undani: jina la kiwanda ni lile lile? Herufi ya mwisho ni ile ile? Rangi ya mwili na umbo la maandishi vinafanana? Transista nne zilizowekwa siku moja kiwandani mara nyingi hutoka fungu moja, kwa hiyo sura zao ni za ndugu wa tumbo moja. Mbili zikiwa na maandishi yaliyofifia na mbili yanang'aa kama ya jana, kuna wageni kati yao.

Njia hii ya mapacha hufanya kazi pia kwa transista ndogo, kwa sababu njia ya sauti ya kushoto na ya kulia zimechorwa sawa kwenye bodi. Sehemu ya kupokea steshoni ni moja tu, haina pacha, kwa hiyo pale utategemea risasi na vumbi.

Hatua ya tatu: kusoma jina lake

Namba ya transista ni kama jina na ukoo. Ukijua ukoo, unajua kama imekaa katika nyumba yake.

Ukoo wa Japani huanza na 2S, halafu herufi. 2SA na 2SB ni za aina inayoitwa PNP. 2SC na 2SD ni za aina ya NPN. Hizo mbili ndizo wale watu wawili wa msumeno. Juu ya mwili, 2S mara nyingi haiandikwi kwa sababu nafasi ni ndogo. Kwa hiyo C1815 ni 2SC1815, na A1015 ni 2SA1015. Hao wawili ni mtu na mwenzake, wadogo kwa umbo, na wamo ndani ya redio nyingi. Katika zile kubwa, A hukaa na C, na B hukaa na D. Ukikuta A1943 na C5200 pamoja, hao pia ni jozi halali.

Ukoo wa Ulaya hutumia herufi mbili. Ya kwanza ikiwa A ni gerimaniamu, madini yaliyotumika zamani zaidi. Ikiwa B ni silikoni. Herufi ya pili inasema kazi: C ni sauti ya nguvu ndogo, D ni sauti ya nguvu kubwa, F ni mawimbi ya redio. Ndiyo maana utakuta AC128 katika redio ya zamani sana, BC547 na BD139 katika za baadaye. Redio za Philips zimejaa ukoo huu.

Ukoo wa Marekani huanza na 2N, kama 2N3055, ile ya chuma yenye umbo la yai lililobanwa. Hiyo ina miguu miwili tu, kwa sababu mwili wenyewe ndio kolekta. TIP nayo, kama TIP41 na TIP42, ilianzia kampuni ya Texas Instruments.

Sasa basi, ukifungua Sansui au Pioneer ya miaka ya 1970 na kukuta BC547 imesimama peke yake katikati ya C na A za Kijapani, huyo ni mgeni. Lakini angalizo: viwanda vingine viliandika namba zao wenyewe badala ya namba za kawaida. Ukikuta namba usiyoijua, na pacha wake upande wa pili ana namba hiyo hiyo, usikimbilie kusema feki.

Namba ndogo ya chini nayo ina habari. Transista nyingi za Marekani na Ulaya hubeba tarakimu nne: mbili za mwaka, mbili za wiki. 7823 ni wiki ya 23 ya mwaka 1978. Redio ya mwaka 1975 haiwezi kuzaliwa na transista ya 8812. Wajapani wana mitindo yao, kila kiwanda na wake, lakini kulinganisha mapacha bado kunakusaidia.

Orijino, mbadala na feki: vitu vitatu

Hapa tunaomba tusiwakosee mafundi wetu. Watu wengi wanadhani kisicho cha kiwandani ni feki. Si hivyo. Kuna vitu vitatu.

Cha kwanza ni orijino, kilichowekwa siku redio ilipozaliwa. Cha pili ni mbadala halali: transista nyingine ya kweli, yenye nguvu sawa au zaidi, iliyowekwa kwa akili. Toshiba iliacha kutengeneza jozi maarufu ya A1302 na C3281, na A1943 na C5200 zikachukua nafasi yake. C5200 inavumilia volti 230 na ampea 15, wakati C3281 ilivumilia volti 200 na ampea hizo hizo. Fundi aliyeweka C5200 pande zote mbili, na A1943 wenzake, akarekebisha na kupima, amefanya kazi ya heshima. Vivyo hivyo KSC1815 ni ya ukoo wa Korea, lakini inafanya kazi ya C1815.

Cha tatu ni feki: transista dhaifu iliyofutwa jina lake na kuandikwa jina la kubwa. Hii ndiyo inayokula pesa ya watu. Ukiona sokoni C3281 "mpya kabisa" inayong'aa kwa bei ya chini, jiulize inatoka wapi wakati mwenye nayo aliacha kuitengeneza. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Feki inafanyaje madhara? Redio ikipigwa taratibu nyumbani, huenda isionyeshe kitu. Siku ya harusi sauti ikipandishwa, inashindwa, kolekta na emita vinashikana, na umeme wote wa ndani unakwenda moja kwa moja kwenye spika. Spika haikutengenezwa kupokea umeme wa namna hiyo. Waya wake wa ndani unaungua kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo transista moja ya bei ndogo inaua na spika ya bei kubwa, na moto unaweza kuanza.

Kuitambua spea feki dukani

Mafundi wetu wengi hufuata spea Mbarara au Kampala, na wengine huagiza hadi Luthuli Avenue kule Nairobi. Nauli ni pesa, kwa hiyo ni vizuri kujua cha kuangalia kabla ya kurudi.

Nunua jozi, usinunue moja. Angalia kama maandishi yamenyooka na mwili wa zote unafanana. Shika mkononi moja iliyoungua uliyoitoa kwenye redio: ile mpya ikiwa nyepesi zaidi au bati lake la nyuma ni jembamba, kuwa na mashaka. Chukua pamba yenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha na ufute maandishi ya spea mpya. Kama jina linaondoka na chini yake kuna mikwaruzo ya msasa, mmeuziwa mbuzi kwenye gunia. Usifanye jaribio hili kwa transista ya zamani iliyomo ndani ya redio, kwa sababu wino wa miaka hiyo unaweza kufutika hata kwenye orijino, na utakuwa umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Jaribio la mwisho ni la maiti. Transista kubwa ikiungua, usiitupe. Ivunje taratibu kwa koleo, ukiwa umefunika macho. Ndani utaona kipande cha silikoni. Transista ya kweli ya ampea 15 ina kipande kipana, milimita kadhaa kila upande. Feki huwa na kipunje kidogo sana katikati ya bati kubwa. Mwoneshe muuzaji. Lakini msivunje transista za mitambo ya kurusha mawimbi zenye kauri nyeupe, kwa sababu unga wa baadhi yake ni sumu kwa mapafu.

Kwa vijana mafundi

Mnajua kazi, sisi tunawakumbusha machache. Weka mita kwenye alama ya dayodi. Kati ya besi na emita, na kati ya besi na kolekta, transista nzima ya silikoni husoma kama 0.5 hadi 0.7 kwa upande mmoja, na haisomi kwa upande mwingine. Ya gerimaniamu husoma 0.2 hadi 0.3. Kati ya kolekta na emita ikisoma sifuri pande zote, imekufa. Kumbuka kwamba ikiwa bado imo kwenye bodi, rezista za jirani zinaweza kudanganya mita. Itoe ndipo uamue.

Chunga miguu. Ukiangalia uso bapa wa C1815, kutoka kushoto ni emita, kolekta, besi. BC547 ni kolekta, besi, emita. Anayeweka moja mahali pa nyingine bila kupinda miguu anazika redio ya mtu.

Chunga na herufi ya mwisho. Kwa C1815, O inakuza mara 70 hadi 140, Y mara 120 hadi 240, GR mara 200 hadi 400. Kushoto ukiweka Y na kulia GR, mapacha hawatakuwa sawa tena.

Ukishabadilisha, usichomeke moja kwa moja. Unganisha redio kupitia taa ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyowekwa kwenye njia ya umeme. Siyo taa ya kubana umeme. Taa ikiwaka kidogo na kufifia, salama. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, zima haraka: kuna kitu kimeshikana, na taa imekuokolea spea zako mpya.

Kwa familia: maneno ya kumwambia fundi

Ukimpelekea fundi redio, nenda na ile karatasi yako ya kushoto na kulia. Mwambie kwa heshima: "Papa fundi, hizi ndizo namba zilizomo. Ukibadilisha yoyote, naomba unirudishie ya zamani, na uniandikie uliyoweka." Fundi mwaminifu hatakasirika. Karatasi hiyo inamlinda na yeye pia, kwa sababu hakuna atakayemsingizia kwamba alinyofoa transista nzima na kuiuza.

Na ukiwa unanunua, usiseme "nataka orijino" tu. Sema: "Nifungulie nione pande mbili." Zikifanana na ni za kiwandani, bei ya muuzaji ina sababu. Zikifanana lakini ni mbadala nzuri, redio inaweza kukutumikia miaka, ila bei ishuke. Zikitofautiana kushoto na kulia, hesabu gharama ya jozi mbili na nauli ya Mbarara, uitoe kwenye bei, au uage vizuri na uende zako. Muuzaji akikataa kabisa kufungua, hilo nalo ni jibu.

Hapa Nakivale tumetoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingine, na tunaongea lugha nyingi. Namba ya transista inasomeka sawa kwa wote. Mama wa Kabazana na kijana wa Juru wakiandika karatasi yao ya kushoto na kulia, wataelewana na fundi yeyote bila mkalimani. Basi ikateni karatasi hii ya mapacha, mwibandike ndani ya kifuniko cha redio, na siku ya kuuza au kutengeneza iwe tayari.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.